Kizazi cha madini joto: nani amekipima?

Wadau, wiki hii siasa naiweka pembeni. Kuna swali limenikaa kichwani tangu nilipoanza kufuatilia habari za nyanda za juu za Kigoma. Kama ulizaliwa Kasulu, Kibondo, Njombe au Makete kati ya mwaka 1987 na katikati ya miaka ya 1990, kuna uwezekano mkubwa kwamba mama yako alimeza kidonge cha mafuta kabla hujazaliwa. Hakikuwa cha malaria wala cha minyoo. Ndani yake kulikuwa na madini joto, na faida yake kubwa kuliko zote ilikuwa iende kwenye ubongo wako wewe uliyekuwa bado tumboni. Je, kuna mtu aliyewahi kurudi kukupima?

Kabla sijaendelea, hilo jina "madini joto" limenichekesha siku nyingi. Ni iodini tu, haina joto lolote. Lakini ndivyo lilivyoandikwa kwenye pakiti za chumvi na mabango ya zahanati, na mimi ni nani nibishane na pakiti ya chumvi.

Ili swali langu lieleweke inabidi nianzie mbali kidogo, Norway, mwaka 1934. Mama mmoja, Borgny Egeland, alikuwa amezunguka kwa madaktari miaka mingi akiwa na watoto wawili. Wote walizaliwa wakionekana wazima, kisha akili zao zikadumaa, na miili yao ilikuwa na harufu fulani ya ajabu ambayo hakuna daktari aliyeijali. Akafika kwa Asbjørn Følling, daktari ambaye pia alikuwa amesomea kemia. Følling alitia kemikali ya chuma kwenye mkojo wa watoto wale. Alitegemea ubaki na rangi yake au uwe mwekundu wa kahawia. Ukawa kijani. Akaomba mkojo mwingine, na mwingine, mama akawa anabeba chupa kila mara, mpaka akaigundua asidi iliyokuwa inaleta ile rangi. Akaenda kupima watu 430 kwenye nyumba za kutunzia wenye ulemavu wa akili, akawapata wengine wanane wenye mkojo wa namna hiyohiyo.

Ugonjwa ule leo unaitwa fenilketonuria, kwa kifupi PKU. Ni wa kurithi: baba na mama wote wanabeba kasoro hiyo bila wao wenyewe kuumwa, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mwili wa mtoto huyo unakosa kimeng'enya cha kuvunja fenilalanini, kipande kimojawapo cha protini kilichomo kwenye maziwa, nyama, mayai, maharage. Fenilalanini inajazana kwenye damu na kuuharibu ubongo taratibu, wakati mama anamnyonyesha mwanawe kwa mapenzi yote.

Sasa angalia mwaka. Mwaka huohuo wa 1934 Norway ilipitisha sheria ya kufunga uzazi wa watu wakiwemo wenye ulemavu wa akili. Ujerumani ilikuwa imeshatangulia mwaka mmoja nyuma. Ulaya ya wakati ule, ukisema jambo ni la kurithi ulikuwa umefunga mjadala. Cha ukoo ni cha ukoo, utafanya nini?

Jibu lilipatikana Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na lilikuwa ni chakula. Horst Bickel, John Gerrard na Evelyn Hickmans walimtengenezea mtoto wa kike wa miaka miwili hivi chakula ambacho fenilalanini yake ilikuwa imeondolewa. Mtoto huyu alikuwa hawezi kusimama wala kusema, na alikuwa anapigapiga kichwa. Baada ya miezi kadhaa akaanza kutambaa, macho yakachangamka. Ili kuwa na uhakika, wakairudisha fenilalanini kwenye chakula chake. Katika siku chache akaporomoka. Wakaiondoa tena, akapanda. Walichapisha habari hiyo mwaka 1953. Mimi sehemu ya kuirudisha sumu ili kuthibitisha hoja inanisumbua, lakini ndiyo iliyowanyamazisha wabishi.

Kilichobaki ni kuwapata watoto mapema, kabla ubongo haujaharibika. Robert Guthrie wa Buffalo, Marekani, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, alibuni kipimo cha matone machache ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi. Mwaka 1963 jimbo la Massachusetts likakifanya kuwa cha lazima kwa kila mtoto mchanga, na nchi nyingine zikafuata.

Hapo ndipo wengi huishia kuisimulia hadithi hii, na mimi naona hapo ndipo inapoanza. Maana watoto wale walikuwa na majina, anwani na mafaili. Walipimwa damu, wakapimwa akili, wakasubiriwa wakue. Na kusubiri kule kuliwaumbua madaktari zaidi ya mara moja.

Mwanzoni madaktari waliamini ubongo ukishakomaa, mtoto akifika miaka sita au minane hivi, anaweza kula kama wenzake. Wazazi wakapumua. Miaka ikapita, vipimo vikaonyesha kwamba wengi wa walioacha chakula maalumu walikuwa wanashuka. Mwaka 2000 kikao cha wataalamu kilichoitwa na taasisi za taifa za afya za Marekani kilisema wazi: chakula hicho ni cha maisha. Kabla ya hapo lilikuwa limejitokeza jambo baya zaidi. Wasichana waliookolewa utotoni, wakaacha chakula, wakaolewa, walikuwa wanazaa watoto wenye vichwa vidogo na akili zilizodumaa, wakati watoto wenyewe wengi wao hawakuwa wamerithi ugonjwa. Damu ya mama ndiyo iliyowaumiza tumboni. Mwaka 1980 Roger Lenke na Harvey Levy walikusanya habari za mimba za namna hiyo kutoka sehemu mbalimbali, na toka hapo mwanamke mwenye PKU anashauriwa arudi kwenye chakula kabla hajashika mimba.

Na hata wale waliotibiwa tangu wiki za kwanza na wakafuata masharti? Akili zao kwa jumla ziko sawa na za watu wengine. Wamesoma, wanafanya kazi, wana familia. Lakini ukiwapima kwa makini unakuta baadhi yao wanachelewa kidogo kuchakata mambo, au wanapata shida kupanga kazi na kutunza umakini. Ni tofauti ndogo, tena haiwagusi wote. Ila inajulikana, na imejulikana kwa sababu watu walewale walifuatwa tangu utoto mpaka utu uzima.

Mtasema hayo ni ya Wazungu, na kweli PKU kwa Waafrika ni nadra sana. Lakini katikati ya miaka ya 1970 daktari Jean Dussault wa Quebec, Kanada, alionyesha kwamba tone lilelile la damu kwenye karatasi linaweza kutumika kumtafuta mtoto aliyezaliwa na tezi ya shingo isiyofanya kazi. Huyo naye akipewa homoni mapema akili inanusurika, akichelewa, inapotea. Sababu za tezi kushindwa ni nyingi, na baadhi ni za kurithi. Kwa hiyo kuna watoto ambao tezi zao zina kasoro. Na kuna wengine ambao tezi zao ni nzima kabisa, ila zimekosa malighafi. Hao ndio walikuwa wa kwetu.

Tezi ya shingo inatengeneza homoni zake kwa madini joto, na haina mbadala. Ikikosa, inavimba ili inase kila chembe inayopita: ndilo rovu, goita kwa lugha ya hospitali. Uvimbe unaonekana kwa macho, kwa hiyo ndio uliosemwa siku zote. Madhara makubwa hayaonekani. Mtoto aliye tumboni, mpaka karibu katikati ya mimba, anategemea homoni za mama yake kujenga ubongo. Mama akiwa nazo pungufu, ubongo unajengwa kwa vifaa pungufu. Ikiwa pungufu sana, anazaliwa mtoto kiziwi, asiyesema, asiyetembea vizuri, aliyedumaa mwili na akili. Hawa wa mwisho ni wachache, kila mtu kijijini anawajua. Walio wengi ni wale waliopunjwa kidogo tu, ambao mwalimu atawaita wazito na hakuna atakayejua zaidi.

Sehemu nyingi duniani zenye rovu, watu waliliona kuwa jambo la ukoo: bibi analo, mama analo, binti naye linaanza. Kumbe kinachorithiwa ni shamba. Mvua za miaka elfu nyingi zimeosha madini joto kwenye udongo wa nyanda za juu, mazao yanaota bila hayo, na anayeishi kwa mazao ya shamba lake anakosa alichokosa udongo.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na juu yake kidogo, kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji akina François Delange na André-Marie Ermans walifanya kazi tangu miaka ya 1960. Walishangaa kwamba ndani ya kisiwa kimoja kulikuwa na upande wenye rovu kwa wingi na upande wenye rovu kidogo, wakati madini joto yalikuwa haba kote. Moja ya majibu yao yalikuwa muhogo. Sumu iliyomo kwenye muhogo, usipolowekwa na kukaushwa vizuri, mwilini inageuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kunasa hayo madini joto machache yaliyopo. Sisi walaji wa ugali wa muhogo tunaloweka kwa sababu bibi zetu walituambia, na bibi walikuwa sahihi.

Kuna kejeli moja ya kihistoria hapa ambayo siwezi kuipita. Kusini mwa Kasulu kuna Uvinza, na Uvinza ni chumvi. Andrew Roberts na John Sutton, walioandika habari zake mwaka 1968, walionyesha kwamba watu walikuwa wanachemsha maji ya chemchemi zile kupata chumvi tangu karne ya tano au ya sita hivi. Karne ya 19 watu walikuwa wanakuja kiangazi kutoka pande zote kupika chumvi, wanawalipa ushuru watawala wa Wavinza, kisha mizigo inasambaa Buha, Burundi, Unyamwezi. Wajerumani walipokuja wakaweka kiwanda wakakiita Saline Gottorp, na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilikuwa imepita hapohapo. Kwa hiyo watu wa Buha walikuwa jirani wa chumvi miaka zaidi ya 1,400, na haikuwakinga. Chumvi kama ilivyo, hata ile ya baharini, ina madini joto kidogo mno. Lazima yaongezwe. Uswisi ilianza kuyaongeza mwaka 1922, Michigan huko Marekani mwaka 1924. Wakoloni wetu, Mjerumani na baadaye Mwingereza, waliichukua chumvi ya Uvinza kama mali na ushuru. Kigoma kwao ilikuwa mwisho wa reli, mahali pa kuchukulia manamba wa kwenda mashamba ya mkonge Tanga. Nani angejali manamba anawaza kwa kasi gani?

Kwamba tatizo ni la ubongo, na kwamba linazuilika, lilithibitishwa Papua New Guinea. Kuanzia mwaka 1966, katika bonde la Jimi, Peter Pharoah na wenzake walizipa familia sindano: familia moja mafuta yenye madini joto, inayofuata maji ya chumvi tu. Leo hakuna kamati ya maadili ingewaruhusu. Mwaka 1971 walichapisha: ule udumavu mkubwa ulikaribia kutoweka kwa watoto wa akina mama waliochomwa mafuta kabla ya kushika mimba. Waliochomwa wakiwa tayari wajawazito walikuwa wamechelewa. Lakini ninachotaka mkikumbuke ni hiki: Pharoah na mwenzake Kevin Connolly walirudi. Watoto walipokua waliwatafuta, wakawapima wepesi wa mikono na uwezo wa akili, na mwaka 1987 walikuwa bado wanaandika habari zao, zaidi ya miaka 15 tangu wachapishe mara ya kwanza.

Tanzania. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na wataalamu wake walipopima shule kwa shule waligundua ukubwa wa janga: karibu asilimia 40 ya Watanzania walikuwa wanaishi maeneo yenye upungufu, na ilikadiriwa mtu mmoja kati ya wanne aliathirika. Chumvi ingechukua miaka, viwanda havikuwa tayari. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1986, kwa msaada wa Sweden, ikaamuliwa wilaya 25 zilizoathirika zaidi zipewe vidonge vya mafuta. Kasulu na Kibondo zilikuwemo. Watu wa miaka 2 hadi 45 walipewa miligramu 380, watoto wadogo zaidi nusu yake. Kidonge kimoja kilitakiwa kumtosha mtu miaka miwili, kisha timu irudi.

Timu hazikurudi kwa wakati. Mpaka mwaka 1994 watu kama milioni tano walikuwa wamefikiwa, lakini kwa wastani ni karibu theluthi mbili tu ya waliolengwa, na raundi ya pili na ya tatu zilichelewa. Magari, mafuta, barabara za masika, mnazijua. Hata hivyo kwa nchi iliyokuwa inabanwa na wakopeshaji kila upande miaka ile, naiona kuwa kazi ya kujivunia kuliko mambo mengi tunayojisifia.

Nilipopita Nyakitonto niliongea na mama mmoja mtu mzima, mkulima wa maharage na muhogo. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anakumbuka vidonge. "Nakumbuka, mwanangu. Tuliitwa shuleni tukapanga mstari. Kilikuwa kinateleza." Mwaka? Hakumbuki. Anakumbuka alikuwa amemwachisha ziwa mtoto wake wa pili, na wa tatu alikuwa bado. Moyo ukanidunda, maana hapo kwenye nyumba moja nilikuwa na mtoto wa kabla na mtoto wa baada. Nikamuuliza, kwa adabu niliyoweza, nani alikuwa hodari darasani. Akaniangalia muda. "Wa pili ndiye alikuwa na kichwa. Wa tatu alikuwa anapenda mpira." Akacheka. Halafu akasema, "Lakini mbona unaniuliza wewe leo? Walioleta dawa hawakuuliza."

Familia moja haithibitishi kitu, naelewa. Ila watafiti walifanya hesabu ya namna hiyohiyo, wao kwa maelfu. Mwaka 2009 Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero, wachumi, walichukua takwimu za kaya za Tanzania wakazilinganisha na miaka ambayo kila wilaya ilipata vidonge. Walilinganisha waliokuwa tumboni wakati mama ana kinga na ndugu zao waliozaliwa wakati hana. Ule ucheleweshaji wa magari, ambao kwa mganga wa wilaya ulikuwa aibu, kwao ulikuwa zawadi: bila kupangwa na mtu, baadhi ya watoto walipata na wengine wakakosa. Wakakuta waliopata walisonga mbele shuleni kwa kati ya 0.35 na 0.56 ya mwaka zaidi, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Matokeo hayo yakazunguka dunia. Mwaka 2016 wachumi wengine wawili, Achyuta Adhvaryu na Anant Nyshadham, wakaongeza kwamba waliopata kinga tumboni walichanjwa na kunyonyeshwa zaidi, kana kwamba wazazi waliona uchangamfu wakaongeza juhudi.

Kisha wakaja Waswidi. Niklas Bengtsson, Fredrik Sävje na Stefan Peterson waliichambua upya hesabu ya mwaka 2009. Peterson si mgeni: ni daktari aliyeufuatilia mpango wa vidonge hapahapa nchini miaka ya 1990. Hoja yao kwa ufupi ni kwamba matokeo yale hayasimami imara. Yanategemea unavyokadiria kasi ya madini joto kuisha mwilini baada ya kumeza, na ukiongeza takwimu nyingi zaidi faida inafifia mpaka huioni. Hawakusema vidonge havikusaidia. Walisema kwa takwimu zile huwezi kujua kama vilisaidia kiasi hicho, wala kama havikusaidia.

Msinielewe vibaya. Sina shaka na sayansi ya madini joto. Papua ilimaliza ubishi ule. Ninacholalamikia ni kwamba akili za watoto wa Kasulu hazikupimwa kamwe katika mjadala wote huu. Kilichohesabiwa ni madarasa waliyofika. Na hebu fikirieni darasa maana yake ni nini Kigoma ya miaka ile. Mtoto aliyezaliwa Kibondo mwaka 1988 alipaswa kuanza shule katikati ya miaka ya 1990, wakati michango na ada ya shule ya msingi ilikuwa imerudishwa. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya wakimbizi wakaingia humo humo Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 vita ya Kongo ikaleta wengine, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwaka 2001 serikali ikafuta ada, na watoto wa miaka 10 na 12 wakajazana darasa la kwanza pamoja na wa miaka saba. Katika vurugu hizo unataka kuiona robo au nusu ya mwaka iliyoletwa na kidonge? Unaweza kuwa na kichwa chepesi kuliko wote kijijini ukaishia la nne kwa sababu ya sare ya shule.

Tena kulikuwa hakuna haja ya kumnyima mtu dawa ili tujue. Nafurahi hatukufanya kama Jimi. Lilihitajika daftari tu: nani amemeza, tarehe ngapi, kijiji gani. Watu wa Kigoma walikuwa wameshahamishiwa kwenye vijiji vya kando ya barabara tangu Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kila kijiji na mwenyekiti wake, kila mwenyekiti na balozi zake. Serikali iliyoweza kuhesabu nyumba kumi kumi ingeweza kuhesabu vidonge. Daftari lingekuwepo, leo tungempata mtu mzima wa miaka thelathini na kitu tukampima mwenyewe, badala ya kukisia mama yake alimeza lini kwa kuangalia mwaka wilaya ilipopata shehena.

Vidonge viliisha, chumvi ikachukua nafasi. Kanuni za mwaka 1994 zilidai chumvi ya kula iongezwe madini joto. Utafiti wa mwaka 2004 ulioongozwa na Vincent Assey ulikuta kaya zaidi ya asilimia 80 zina chumvi hiyo, na katika wilaya zilizokuwa na hali mbaya zaidi, rovu kwa wanafunzi lilikuwa limeshuka kutoka asilimia 61 ya miaka ya 1980 hadi karibu 12. Shingo tumezipima vizuri sana.

Nimebaki na ombi kwa wadau wenye asili ya Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Wapigieni simu akina mama. Waulizeni kama walimeza, walimezea wapi, na ni mtoto yupi alikuwa tumboni au anafuata. Kama kuna mganga mstaafu au mwalimu aliyekuwa anaandika majina siku ile ya mstari shuleni, na daftari lake bado liko kwenye sanduku, naomba aniandikie. Nauli ya kuja kulisoma nitajitafutia mwenyewe.